Mkono wa Nasra

Sanduku lilifika na boti ya Nyamisati siku ya Jumatatu, na Mwalimu Sabra alipoliona tu mabega yakamshuka. La tatu hilo! Mwaka juzi lilikuja sanduku, mwaka jana likaja sanduku, na kila sanduku huja na Bwana Abbasi, afisa wa mradi kutoka Kibiti, na kila Bwana Abbasi akija huja na semina. Soda, maandazi, karatasi ya mahudhurio, picha ya pamoja, kwaherini. Akishaondoka, kazi anaachiwa nani? Sabra huyo huyo, mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi Kiwangani, mwanamke wa miaka arobaini na minane mwenye vipindi thelathini kwa wiki na goti moja bovu.

"Safari hii vitu vimeboreshwa, mwalimu," Abbasi alisema huku akikata utepe wa gundi kwa kisu. Alikuwa kijana mpole, huwezi kumchukia. "Kuna mabango, kuna kadi za ndege na samaki, kuna vipimo vya chumvi, kuna mwongozo mpya wa kufundishia. Mwezi ujao tunapanda mikoko. Wageni watakuja."

"Tunapanda wapi?"

"Si pale pale, nyuma ya shule."

"Haya," Sabra akajibu. Akaenda kupiga kengele ya kipindi cha tatu.

Pale pale penyewe ni kipande cha tope kati ya uwanja wa mpira na mashamba ya mpunga. Zamani ilikuwa mikoko mitupu. Watu wakafyeka wakalima, mpunga ukakubali miaka michache, halafu chumvi ikapanda wakahama. Tangu hapo bahari inautafuna ukingo kila bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na choo cha wavulana kimekwishaenda na maji. Mwaka juzi watoto walipanda miche mia tatu, ikafa yote. Mwaka jana mia tatu mingine, ikafa nayo, ikasimama mikavu kwenye tope lililokauka na kufanya ukoko mweupe wa chumvi.

Sasa sikiliza mambo ya watu wa delta. Hapa shamba haliingiliwi hivi hivi. Mbegu ya kwanza hutiwa na mtu mwenye mkono mwema, ndiye anayefungua shamba, na likistawi sifa ni zake, likifa nalo, lawama ni zake. Upandaji wa mwaka juzi ulifunguliwa na Nasra, binti wa darasa la nne wakati huo, mwenye akili na adabu, aliyechaguliwa na Sabra mwenyewe. Mwaka jana akafungua tena. Mara mbili mtoto huyo ameweka mche wa kwanza, mara mbili yote imekufa.

Na kwenye mkutano wa wazazi mzee mmoja akasimama akauliza, mwalimu, mbona miche haishiki? Sabra alikuwa amechoka. Tangu asubuhi hajatia kitu tumboni, mkutano umeingia saa ya tatu, watu wanapiga miayo. Akacheka, akasema, "Labda mkono wa aliyefungua." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mkutano ukafungwa kwa dua, watu wakaenda zao. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mwanaharamu hakupita. Neno lile lilitembea nyumba kwa nyumba. Nasra akawa "yule mwenye mkono". Mama yake, Mwanahawa, akamkataza kugusa mbegu ya mpunga. Jirani akamwomba asikae karibu na tuta lake la mchicha. Shuleni wenzake wakawa wanamtania, halafu wakaacha kumtania, na huko kuacha kulikuwa kubaya zaidi.

Na ubaya wote ni kwamba Sabra alijua. Wallahi alijua tangu mwaka ule wa kwanza. Miche haikufa kwa mkono wa mtu. Mkoko unataka maji ya chumvi yaje na yarudi, kupwa na kujaa, na maji ya kukifikia kile kipande kila siku, si kwa bamvua tu, yalikuwa na njia moja, kijito kinachopita kandoni mwa shamba la Bi Mwamini. Kijito kile kilizibwa kwa tuta la udongo lililoshindiliwa likashikana, ili chumvi isiingie mpungani. Bi Mwamini ni mama yake mzazi. Mpunga wa shamba lile ndio uliomsomesha Sabra hadi chuo cha ualimu. Tuta likifunguliwa mikoko itapona, na shamba la mama limekwisha. Kwa hiyo alinyamaza miaka miwili, akawapandisha watoto wa watu miche ambayo anajua itakufa.

Jumatano alifungua mwongozo mpya mbele ya darasa la sita. Alitaka somo jepesi tu, siku ipite. Akachagua ukurasa wenye picha ya sinia. Somo lilisema: tengeneza ardhi yenu ndani ya sinia kwa tope, mimina maji upande wa bahari, tazama yanafika wapi, yanakomea wapi. Watoto walifurahi. Wakaleta tope kwa ndoo, wakafinyanga uwanja, wakafinyanga shule, wakachora kijito kwa kijiti. Saidy, mtoto wa mvuvi mmoja, akamimina maji kwa kikombe, yakakimbia kijitoni hadi nyuma ya shule, darasa likapiga makofi.

"Bado, bado!" Saidy akasema. "Tumesahau lile tuta."

Akachukua donge la udongo akaziba pale hasa tuta lilipo, maana watoto wa huku wanaijua ardhi yao kuliko ramani yoyote. Akamimina tena. Maji yakafika kwenye donge yakasimama. Nyuma ya shule pakabaki pakavu.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa thelathini na mmoja, na wote walijua tuta lile ni la nani. Wengine waliangalia sinia, wengine wakaangalia miguu yao. Kwenye mwongozo chini ya picha kulikuwa na swali la kuwauliza wanafunzi: "Maji yamezuiwa na nini?" Sabra akalisoma kimoyomoyo, akafunga kitabu.

"Kanaweni mikono," akasema. "Tutaendelea kesho."

Walipotoka Nasra alibaki, ameshika ushungi wake kwa vidole viwili.

"Mwalimu, mwezi ujao nikipangiwa miche, naomba nipewe kazi ya kubeba maji tu. Nisishike mche. Nitawaharibia wenzangu."

Mtoto alikuwa ameliona sinia lile kwa macho yake. Ameona donge, ameona maji yalivyosimama, na bado anaamini ni yeye! Sabra akainama kukusanya chaki. Akamwambia nenda nyumbani. Aliona haya.

Jioni hiyo alivua viatu akakatiza hadi shambani kwa mama yake. Mpunga ulikuwa umeanza kupinda shingo, ila mashuke mepesi, nusu makapi, na kandokando ulikuwa umeungua na chumvi. Bi Mwamini alikuwa chini ya dungu lake, kile kibanda cha juu cha kulindia ndege, anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Goti?"

"Lipo tu." Sabra akakaa kwenye tope. Hakuwa na nguvu za kutafuta pa kukaa. "Mama, nimekuja kwa ajili ya tuta."

Bi Mwamini aliendelea kusuka. Akafika mwisho wa ukindu, akaunga mwingine, ndipo akasema, "Umechelewa."

"Unajua ninachotaka kusema?"

"Mimi nimezaliwa ndani ya matope haya, Sabra. Siku ile ya kwanza mnapanda, nilikuwa humu nawatazama na ndoo zenu. Nikasema, hawa miche yao itakufa, maji yatafika vipi? Nikasema moyoni, atakuja Sabra kuniambia. Nikangoja. Mwaka ukapita, mkapanda tena. Nikangoja tena."

"Si ungeniambia wewe!"

"Niseme njooni mlivunje shamba langu? Mimi mwendawazimu? Mwenye haja huja kuomba, mwanangu. Ningekukatalia, tungegombana, mwisho ningekubali. Ndivyo tulivyo. Lakini hukuja."

"Niliogopa, mama. Shamba hili ndilo lililonisomesha. Sikutaka kukunyang'anya."

Hapo mwanamke yule akauweka ukili chini, na alipozungumza sauti yake ilikuwa kali kuliko Sabra alivyoisikia kwa miaka mingi. "Usinifanye mimi kisingizio chako. Hukunionea huruma mimi, umejionea huruma mwenyewe. Uliogopa maneno yangu ya siku moja, ukamwacha mtoto wa Mwanahawa abebe maneno ya kijiji kizima kwa ajili ya tuta langu. Mimi nayasikia huko kisimani! Ningesema mimi, ningekuumbua mwanangu. Basi nimenyamaza nawe, na sasa dhambi tumegawana."

Sabra akalia. Alilia kwa uchovu zaidi kuliko majuto, na hilo nalo lilimtia aibu. Mama yake hakumbembeleza. Alimwacha mpaka akamaliza, kisha akampa pembe ya kanga ajifute.

"Shamba lenyewe limeshanichoka," Bi Mwamini akasema kwa sauti ya chini. "Zamani natoa gunia ishirini hapa, msimu huu nikipata tano nitashukuru. Nipe wiki mbili nivune. Halafu leta hao watoto na majembe, mlifukue. Mimi siku hiyo nitakwenda Utete kwa mdogo wangu, sitaki kuona. Ila lile neno la mtoto lisingoje wiki mbili. Mficha uchi hazai. Kesho hiyo hiyo."

Kesho yake sinia lilikuwa pale pale mezani, tope limepasuka. Sabra alisimama mbele ya darasa, akasema bila kuzungusha. Akasema miche ya mwaka juzi na ya mwaka jana ilikufa kwa kukosa maji ya bahari, na maji yalizuiwa na tuta la mama yake. Akasema alijua. Akasema kwenye mkutano alitoa neno la mzaha ili apumzike, na neno lile lilikuwa uongo. "Nasra hana kosa lolote. Kosa ni langu."

Darasa likanong'ona, kisha Saidy akauliza kama kweli watafukua tuta wenyewe, na aliposikia ndiyo, kelele zikaanza. Watoto ni watoto. Sabra alidhani amemaliza. Alijisikia mwepesi kidogo, akaanza hata kufikiri chai.

Nasra alinyoosha mkono.

"Mwalimu, utamwambia na mama?"

"Nitamwambia, Nasra."

"Leo?"

Kulikuwa na madaftari sabini ya kusahihisha. Kulikuwa na taarifa ya Abbasi. Kwa Mwanahawa ni mwendo wa saa nzima kwenye utelezi, na goti lile. "Leo," akasema.

Walikwenda wote wawili baada ya shule, mtoto mbele, mwalimu nyuma, na Nasra akawa anasimama kila penye shimo kumsubiri. Mwanahawa walimkuta uani anapepeta mchele. Alimkaribisha mwalimu kigoda, akamletea maji ya kunywa, na Sabra, kabla hajayanywa, akasema yote, kama alivyosema darasani.

Mwanahawa aliendelea kushika ungo wake. Kuku wa jirani wakaja wakadonoa pembeni, hakuwafukuza.

"Siku ile mkutanoni mimi nami nilicheka," akasema mwishowe. "Nilicheka na wenzangu ili wasijue limeniingia. Kufika nyumbani sikulala. Nikasema, mwalimu msomi, kama ameyasema yeye, basi yapo."

"Nisamehe, mama Nasra."

"Nikampeleka kwa mganga, ng'ambo ya mto. Miye sina kitu, niliuza kuku wote na kitenge cha harusi yangu. Nikasema mwanangu asije akakosa hata mume kwa mkono huo." Akamgeukia binti yake. "Mwonyeshe mwalimu."

Nasra alisita. Kisha akapandisha mkono mrefu wa sare yake hadi kwenye kiwiko. Kuanzia kifundo kwenda juu kulikuwa na chale, mistari mitatu mitatu, myembamba, imepona na kuacha alama nyeusi. Siku zote alizoandika ubaoni, siku zote alizokusanya madaftari ya wenzake, zilikuwa chini ya kitambaa kile, na Sabra hakuwahi kuziona.

Sabra akayaweka maji chini, akajifunika uso kwa viganja. Nasra akasogea, akamshika bega.

"Haziumi, mwalimu," akamwambia polepole, kama anavyobembelezwa mtoto mdogo. "Ziliuma siku ile tu."