Mpagazi Anayepima Watoto

Saa mbili asubuhi, kabla hajamgusa mtoto yeyote, nesi Eustadia huvua saa yake, hukunja mikono ya sare hadi kwenye viwiko na kunawa kwa sabuni. Kisha humgeukia Luhende. "Na wewe, babu."

Luhende naye hunawa. Alikuwa mpagazi kwenye njia ya zamani ya misafara, ile inayopita nyuma ya zahanati kuelekea Ujiji, na alifia hapo hapo chini ya mzigo wa pembe ya ndovu akiwa na miaka ishirini na mbili. Hiyo ni miaka mia moja na hamsini iliyopita, kwa hiyo hata bibi za watu humwamkia shikamoo. Pembe yenyewe imeegemezwa nyuma ya mlango, na akina mama huanikia nepi juu yake. Akishanawa, Luhende hupasha mikono moto kwenye jiko la mkaa, maana mikono ya marehemu ni ya baridi na mtoto mchanga hatakiwi kupoteza joto.

Alikuja mwaka ule mizani ilipoharibika. Eustadia alikuwa ameshaandika barua sita za kuomba nyingine. Siku moja mpagazi akaingia, akamkuta amempakata mtoto anakisia uzito, akasema mzigo haukisiwi hivyo. Akampokea mtoto, akafumba macho. "Ratili saba na wakia tatu." Mtu aliyebebeshwa vitu vya watu tangu utotoni hakosei. Eustadia akabandika ukutani jedwali la kugeuza ratili na wakia kuwa gramu, na kazi ikaendelea. Ila alimpa ahadi: mizani mpya ikifika, atapumzika. Mpagazi aliyefia njiani halali mpaka apatikane wa kumpokea mzigo, na hapo hajawahi kupatikana mtu.

Ndiyo maana Alhamisi ile wote wawili walikuwa roho juu. Mkaguzi kutoka wilayani, Bwana Nurdini, angefika kabla ya adhuhuri, na kwenye gari lake kulikuwa na mizani moja mpya, ya kituo kitakachoonekana hakina namna ya kupima. Dereva ndiye aliyevujisha habari. Sylvester, mganga mfawidhi, alikuwa ameshamshauri Eustadia.

"Dada, daftari jipya limeanza Jumatatu. Iache wazi safu ya uzito mpaka huyu bwana aje aondoke. Ukiijaza, ataona unapima."

Eustadia aliiacha wazi siku tatu. Bahati nzuri watoto wote wa siku hizo walizaliwa wanene, wenye sauti. Hata hivyo, hakuwa amewahi kuacha safu wazi katika miaka kumi na tisa ya kazi, na kila alipopita karibu na daftari alilitupia jicho kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga mlango.

Alhamisi hiyo akaja Nijimbere, binti wa Ulyankulu, na mtoto wake wa siku kumi aliyezaliwa miezi haijatimia. Siku ya kuzaliwa alikuwa na ratili nne kasoro wakia mbili.

"Ananyonya, nesi, ila analala mno," Nijimbere alisema.

Eustadia alimfunua karibu na jiko, kipande kwa kipande, asipoe. Alimpapasa utosi. Alihesabu pumzi dakika nzima, si nusu dakika akazidisha mara mbili kama wafanyavyo wavivu. Hamsini na nne. Akaweka kipimajoto kwapani, akakagua kitovu, akamtia mtoto kidole kisafi mdomoni. Alifyonza, akachoka, akaachia. Kila kitu kilikuwa pale mpakani, si kibaya si kizuri. Kama uzito ulikuwa umepungua, ilibidi mtoto apelekwe hospitali Tabora kwa bodaboda, kwenye upepo na vumbi, safari ambayo ingeweza kumuua. Kama ulikuwa umeongezeka, hakuna mahali bora kuliko kifua cha mama yake.

Luhende alikuwa ameshapasha mikono moto.

"Nikimpima utaandika," alisema.

"Nitaandika, babu. Nisipoandika, atakayempima kesho atalinganisha na nini?"

"Basi nipe."

Angeweza kukataa, na hakuna ambaye angemlaumu. Akampokea mtoto, akafumba macho muda mrefu kuliko kawaida. "Ratili nne na wakia moja."

Eustadia aliangalia jedwali, akaandika 1,843 kwa mwandiko wake mzuri, na furaha ikamjaa mpaka akaketi. Akamfunga mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Akamwagiza mama amwamshe kila baada ya saa mbili anyonye. Asimpake chochote kitovuni, hata bibi akinuna.

Wino ulikuwa haujakauka vizuri Bwana Nurdini alipoingia. Akasoma. "Mnapimia nini?"

Eustadia akamwonyesha Luhende. Bwana Nurdini, ambaye amelelewa vizuri, akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akafungua fomu.

"Umeajiriwa, mzee, au unajitolea?"

Luhende alifikiri. "Sijawahi kuulizwa."

Bwana Nurdini akaweka tiki penye kujitolea. Alisema wilaya nzima hajaona daftari lenye uzito wa mtoto hadi gramu ya mwisho, na alisema kwa moyo mweupe kabisa. Kisha akaandika: uwezo wa kupima, upo. Mizani ikaondoka na gari kwenda kituo kingine, ikiwa bado kwenye boksi lake, imefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma.

"Nisamehe, babu," Eustadia alisema. Alikuwa analia waziwazi.

"Mtoto kaongezeka?"

"Kaongezeka."

Luhende aliangalia vumbi la gari mpaka likatulia. "Nilidhani leo nitapokewa," alisema. Hakulaumu, na hilo ndilo lililomchoma Eustadia zaidi. Kwenye benchi, mama aliyefuata alikuwa ameshafungua kanga, na Luhende akanyoosha mikono.