Mlangoni pa Mkaza Mwana wa Kigiriki

Saa nane mchana siku ya Ijumaa, Cynthia alikuwa amebakiza saa nne na ushei tu apate kazi ya kwanza ya maana maishani mwake. Kizuizi kilikuwa kimoja: baba yake mzazi, Mzee Mogire, aliyeketi sebuleni kwao Nyansiongo na gambuti miguuni, akikataa katakata kuingia katika nyumba ambayo haipo duniani.

Mambo yalianza hivi. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imetengeneza gemu ya kompyuta kuhusu Ugiriki ya zamani, ya watu wa kujifunga mashuka na kuchomana mikuki. Gemu yenyewe ilishatoka. Sasa walikuwa wakiiongezea visa vidogo vya pembeni, kila kimoja cha saa moja hivi. Kabla ya kutoa kisa kipya, walitaka kijaribiwe na mtu aliyepita miaka sitini ambaye hajawahi kugusa gemu, na mwingine aketi kando, arekodi na kuandika ripoti. Ripoti ikiwapendeza, huyo wa kando anapata mkataba wa mwaka mzima.

Cynthia alikuwa ameuza mitumba soko la Daraja Mbili mpaka mvua ikamtoa, kisha akafundisha chekechea iliyofungwa kabla hajashika majina ya watoto. Alijaza fomu hata hajaketi. Mtu wa miaka sitini na tisa alikuwa naye nyumbani, tena wa bure.

Ripoti ilitakiwa ifike Ijumaa. Huko ng'ambo Ijumaa inaisha saa sita usiku, lakini kwa Mzee Mogire, ambaye ni mzee wa kanisa la Wasabato, Ijumaa huisha jua likizama. Likishazama, hata redio hunyamaza.

Mwanzoni mzee alienda vizuri mno. Katika kisa hiki hukuwa askari. Ulikuwa mfinyanzi mzee aitwaye Nikanori, mwenye mwana mmoja.

"Nikanori ni shemasi," mzee alisema kwa furaha, akiishika ile rimoti yenye pembe mbili kama anakamua ng'ombe. "Yuko kwenye Matendo ya Mitume. Na kijana wake?"

"Anaitwa Dema, Tata."

"Aa. Dema ndiye alimwacha Paulo. Huyo tumwangalie."

Nikanori akachimba udongo, akafinyanga mitungi, akaichoma. Ilibaki kuipiga mhuri wa ukoo iende sokoni, na mhuri ulikuwa kwa Dema, ambaye alikuwa amesafiri. Kioo cha kompyuta kikaandika, na Cynthia akatafsiri: "Ingia nyumbani kwa Dema. Mkewe yuko ndani. Chukua kisanduku cha mhuri chini ya kitanda."

Mzee Mogire aliiweka rimoti mezani polepole, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa.

"Kitanda cha nani?"

"Cha Dema na mke wake."

"Siingii."

"Tata, ni gemu!"

"Najua ni gemu. Ingekuwa kweli ningeshakufa kwa aibu. Lakini hiki kidole kinachofinya ni cha nani? Ni cha Nikanori au ni changu?"

Kaka mkubwa wa Cynthia, Momanyi, alikuwa amejenga hatua thelathini kutoka hapo walipoketi, na tangu aoe, baba yao hajawahi kuvuka kizingiti chake hata siku moja, hata ule mwaka upepo ulipong'oa mabati. Alisimama nje kwenye mvua akitoa amri. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hilo hata mbwa wa boma lile alilijua.

"Basi nipe nikufinyie mimi," Cynthia alisema.

"Si wamesema mchezaji ni mzee? Unataka kuwadanganya watu wa watu?"

Mzee akaichukua tena rimoti, akamsimamisha Nikanori nje ya mlango na kufinya kitufe cha kuongea, ili mkaza mwana asikie atoke. Lakini Nikanori alikuwa amepewa sentensi moja tu: "Jua ni kali leo." Mzee akafinya tena. "Jua ni kali leo." Mara ya kumi na moja akajikunja kwa fedheha.

"Ona sasa. Mzee mzima amesimama mlangoni kwa mkaza mwana akiimba jua ni kali. Watu watasema ana nia mbaya."

Saa kumi ikagonga. Hapo akaingia Ishmael, jirani, aliyekuja kuazima pampu ya dawa ya ng'ombe. Alipoelezwa, aliketi na kuisahau pampu.

"Omogaka, mzee wangu," akamwambia Mogire, "usiingie. Ukiingia, mimi na wewe salamu basi."

Cynthia akaona amezidiwa idadi. Akajaribu njia ya wakili. "Wazee wangu, naomba kuuliza. Huyu mwanamke amelipiwa mahari? Kama hajalipiwa, bado si mkaza mwana. Na kama si mkaza mwana, aibu iko wapi?"

Wazee wakatazamana.

"Msichana ana kichwa," Ishmael akakiri.

"Nilimsomesha mimi," akasema Mogire. "Twende kwa wakwe tukahakikishe."

Cynthia alitamani kuumeza ulimi wake. Wazee wawili walikizunguka kisiwa kizima cha Wagiriki wakichungulia mazizi, wakibishana kama kondoo wanaweza kuhesabiwa kuwa mahari, wakipotea mara mbili kwenye mizeituni. Saa kumi na moja na nusu walilifikia boma la baba wa yule mwanamke. Nyuma yake, chini ya mti, walikuwa wamefungwa ng'ombe wanne na dume moja.

Ishmael alisimama akampa Mogire mkono. "Hongera. Mahari imekwisha."

"Na dume lina afya," Mogire akasema, machozi yakimlengalenga. "Huyu Dema nilimdhania vibaya."

"Tata, jua!" Cynthia alipiga kelele. Kupitia dirishani, jua lilikuwa linaigusa miti ya mikaratusi. "Ile kazi inaondoka!"

Mzee akamtazama binti yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukaacha ubishi. Alimrudisha Nikanori mbio mpaka mlangoni. Akasimama. Hapo uani palikuwa na mbuzi akitafuna shuka lililoanikwa. Mzee Mogire amefuga maisha yake yote; alijua mnyama mharibifu akimwona. Akamfanya Nikanori achume tawi la mtini, amwoneshe mbuzi, kisha alirushe ndani ya nyumba.

Mbuzi akaingia.

Kilichofuata kilikuwa mlio wa vyungu, kelele za mwanamke, na vitu vikiruka nje: kinu, kigoda, mto, na mwisho kisanduku, kilichobiringika na kukwama katikati ya kizingiti. Nikanori akainama, miguu yote miwili nje, akakivuta kwa ncha za vidole. Kioo kikang'aa: kisa kimekwisha.

"Mungu ni mwema," akasema Ishmael.

Cynthia akaandika ripoti mbio. Swali la nne liliuliza: mchezaji alichukua dakika ngapi kuingia ndani? Angeweza kubuni namba, kazi ikawa yake. Mzee alikuwa begani kwake, akinusa uongo. Akaandika: "Hakuingia," kisha akaeleza ni kwa nini, na ng'ombe wanne, na dume, na mbuzi. Akatuma. Jua likazama.

Sabato ile aliimba nyimbo zote bila kusikia hata moja. Jumamosi jioni ndipo alipofungua barua pepe.

Wengine wote waliokijaribu kisa hicho, kampuni ilimwandikia, walikuwa wameingia moja kwa moja na kuandika kwamba kila kitu ni sawa. Hakuna aliyekuwa amegundua kwamba mbuzi anaweza kuingizwa katika nyumba yoyote kisiwani, hata ikulu. Mkataba wameuambatisha. Ila wana swali moja kwa mzee: kama si kuingia, kisa kingepaswa kwendaje?

Cynthia alimsomea mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikuwa analia. Mzee Mogire akaenda kunawa uso, akavaa koti lake la kanisani, akarudi na kuketi wima.

"Andika," akasema. "Kwanza, mzee apewe kiti."

"Nimeandika."

"Nje."