Hakijakoma

1

Wewe unayesoma, umewahi kukata mkungu wa ndizi ambao haujakomaa, kwa sababu tu njaa imeshaingia ndani na haitaki kutoka?

Mimi nimewahi. Nilizipika hadi maji yakakauka mara mbili, ndani zikabaki ngumu kama sabuni ya mche. Tulikula hivyo hivyo. Watoto waliumwa matumbo siku tatu.

2

Watu wa mjini huchanganya kukomaa na kuiva. Kuiva kunalazimishwa: unachimba shimo, unatandika majani, unafukizia moshi, siku ya nne ndizi ni njano. Kukomaa hakulazimishwi. Unatazama pembe za ndizi kama zimeviringana. Unagusa lile ua kavu la nchani. Likidondoka lenyewe, kata. Lisipodondoka,

3

MAABARA YA UPIMAJI WA VIFAA VYA UMEME
FOMU YA TATHMINI YA UKOMAVU WA TEKNOLOJIA

Kifaa: Sanduku la kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani.
Matumizi: Mashine za oksijeni za wagonjwa walioko majumbani.
Sehemu inayotathminiwa: Swichi za silikoni kabidi (sita).
Ngazi 1: wazo kwenye karatasi.
Ngazi 5: kimejaribiwa katika hali inayofanana na ya kweli.
Ngazi 8: kimekamilika na kuthibitishwa.
Zingatia: Kifaa kisichofikia ngazi 8 HAKITASAMBAZWA.
Mtathmini: Mhandisi Kokushubira Byabato.
Ngazi aliyotoa: ______

4

Huyo mtathmini ni mjukuu wangu, Koku. Nimemlea tangu ana meno mawili. Na kwenye orodha ya watakaopelekewa sanduku, nyumba ishirini na saba, nambari kumi na nne ni babu yake, Ta Byabato, mume wangu, aliyelala hapa nyuma yangu na mpira puani.

Mapafu yake yamechoka. Mashine yake ya oksijeni inakunywa umeme wa nguzo. Umeme ukikatika, tuna mtungi mmoja wa oksijeni, unaodumu saa tatu. Betri ya dukani tulijaribu. Mashine ilikohoa mara moja ikanyamaza.

Wiki iliyopita umeme ulikatika hivi:
Jumatatu, muda wa saa mbili na robo.
Jumanne, mara mbili, fupi fupi.
Jumatano, saa mbili na dakika hamsini.
Alhamisi

Alhamisi sitaki kuiandika.

5

"Hizo swichi ni vidude vidogo, Bibi. Kama ukucha wa kidole gumba. Vina miguu mitatu."

"Vinafanya nini?"

"Vinafungua na kufunga njia ya umeme. Mara elfu hamsini kwa sekunde."

"Na havichoki?"

"Hicho ndicho ninachopima. Vimo kwenye tanuri. Vikizunguka saa elfu moja bila kukoma, naandika nane."

Nikamweleza habari za ndizi. Sikumweleza lingine.

5

Ujumbe wa Koku, Jumatano saa kumi jioni:

*Bibi kifaa hakijakoma. Ntapiga*

Hakijakoma! Saa elfu moja, na hakijakoma! Nilimsomea Ta Byabato mara tatu, mdomo karibu na sikio. Sista Adventina wa zahanati alikuwa ndiyo kwanza anaingia kumpima.

"Ma, unacheza na mguu huo mbovu?"

"Niache nicheze. Mguu hauna fomu."

"Ukivunjika nyonga mzee atakupisha kitandani?"

"Tutalala wawili, kwani tulizoea kulala wangapi?"

Ta Byabato akainua kidole gumba. Alikuwa hajainua kitu tangu Pasaka.

5

"Bibi, umepata ujumbe wangu?"

"Nimepata! Hakijakoma!"



"Bibi. Nimekosea kuandika. Haki-ja-ko-maa."

a

5

(Swichi, kama ingekuwa na mdomo.)

Nafungua nafunga nafungua nafunga. Joto. Nafungua nafunga. Saa ya mia sita na kumi. Nafungua. Lehemu inayonishika kwenye bamba inaachia. Nafunga. Joto. Mwenzangu wa pembeni amezima. Nafungua. Nafu

5

Sasa aseme Koku mwenyewe, maana haya alinieleza akilia:

Swichi mbili kati ya sita zimekufa. Ni ngazi ya tano, Bibi. Mwenye kampuni inayotengeneza sanduku amekaa ofisini kwangu tangu asubuhi. Ananiambia, andika nane, dada, huko watu wanakufa. Ni kweli wanakufa. Lakini sanduku likizima, kengele yake nayo inazima. Aliyelala hataamka, na aliye pembeni yake hatasikia kitu. Nyumba ishirini na saba. Nimeomba miezi minne nibadilishe lehemu, nipime upya. Wakubwa wa maabara wamesema fomu inafungwa Ijumaa saa sita mchana, nane au hakuna.

Babu anaendeleaje?

5

Nilimjibu anaendelea.

5

Haya, hesabu pamoja nami, wewe uliyefika hapa. Miezi minne. Mtungi wa saa tatu. Mkungu umesimama shambani, ua lake nimeligusa asubuhi na jioni, asubuhi na jioni, na

halidondoki.

______

Ijumaa, saa tano na nusu. Umeme umekatika tangu saa tatu kasorobo. Sista Adventina amekimbilia zahanati kuazima mtungi. Mshale wa mtungi wetu umeingia kwenye rangi nyekundu, upana wa punje ya mchele.

Simu.

"Bibi, kalamu ninayo mkononi. Nataka nikuulize kitu."

"Uliza, mjukuu wangu."

"Miezi yote hii nikipiga unanieleza ndizi. Pembe, ua, moshi. Hujawahi kuniambia wewe unataka nini."

Nikageuka. Ta Byabato alikuwa ananitazama. Ameinua kiganja, vidole vyote vitano. Ananizuia? Au anahesabu?

"Bibi?"

Maisha yangu yote sijalisha mtu ndizi changa tena baada ya ile mara moja. Waulize majirani.

"Bibi, upo?"

"Nane," nikasema. "Tangu siku ya kwanza nilitaka uandike nane."