Mbayuwayu wa Chini ya Daraja

Darlène alikuwa mwoga, na sisemi hivyo kumcheka. Mtu aliyekimbia vita Uvira, kule Kongo, na nguo za mwilini tu ana haki ya kushtuka hata mlango ukigongwa. Ila siku hiyo, jamani, woga ulimponza.

Kamera ilikuwa ya marehemu mumewe, Bernard. Ndani ya kadi yake ndogo, pamoja na ndege wa kila aina, mlikuwa na picha zote zilizomwonyesha Bernard mwenyewe katika mwaka wake wa mwisho, na hazikuwa mahali pengine popote. Binti yao Inès alikuwa akimwimbia kila Jumapili wakitoka kanisani kwamba azihamishie kwenye kompyuta. Darlène alijibu kesho, kesho.

Barafu ilipoyeyuka, mbayuwayu wakarudi kwenye daraja la mto Humber, si mbali na ghorofa lao la Etobicoke, huko Kanada. Bernard hakuwahi kukosa kuwapiga picha wakirudi, basi Darlène akaenda kwa niaba yake. Akasimama ukingoni, akaielekeza lenzi chini ya daraja walikokuwa wakibandika matope ya viota, akabonyeza, akabonyeza tena. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alijisikia mwepesi.

Ndipo akamwona polisi anashuka njiani, anakuja moja kwa moja kwake.

Kwao, kulipiga picha daraja ni kujitafutia jela. Kaka yake Onesphore alikamatwa hivyo hivyo, wakaikuta picha, na alichofanyiwa hakisimuliki. Wasiione, wasiione! Akafungua kamera, akachomoa kadi, akaitupa mtoni. Maji yalikuwa yamejaa, yanakwenda kasi, na hata ilipoangukia hapakuonekana.

Polisi akafika anatabasamu. Akamsalimu, akamwambia kwamba yeye naye huwasubiri mbayuwayu hao kila mwaka.

"Naweza kuona ulizopiga, mama?"

Darlène akamnyooshea kamera tupu. Hapo ndipo alipoelewa ametupa nini, na hofu nyingine ikamshika, mbaya kuliko ile ya kwanza. Akafumba macho haraka amtafute Bernard kichwani. Akaliona shati, akaiona mikono. Lile pengo la meno alipocheka, lilikuwa upande gani?

Hakukumbuka. Polisi alikuwa akimuuliza kama anaumwa, lakini Darlène hakuthubutu kufumbua macho.