Mara Tano, na Nne za Mwaka Jana

Tangu asubuhi Bibi Vizma alikuwa amesusa. Alikaa jikoni kaupa uwanja mgongo, ili asiuone wazimu uliokuwa ukiandaliwa huko: moto wa kuni katikati ya theluji, mabenchi kuuzunguka, na mjukuu wake Oto, aliyelazwa kwa ugonjwa wa mapafu majira ya baridi yaliyopita, anafanyiwa sherehe ya kuzaliwa nje kama mbwa.

"Nyumba tunayo, jiko lina moto," alimwambia mkwewe Agrita. "Huko kwenye baridi mmefuata nini?"

"Ameomba mwenyewe, Mama. Na daktari karuhusu."

"Daktari si ndiye atakayekesha naye."

Hofu hiyo hata Agrita alikuwa nayo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Agrita, Oto akikohoa tu, alikimbilia kipimajoto. Lakini mwaka jana mtoto alishinda dirishani wiki nenda wiki rudi, akiwatazama wenziwe wakicheza, na alipoulizwa safari hii anataka zawadi gani, alijibu neno moja: nje.

Kulikuwa na jambo jingine pia, na hilo ndilo lililomnyima Agrita usingizi. Hapo mjini Kuldiga, kama Latvia nzima, mtoto kila siku yake ya kuzaliwa huketishwa kwenye kiti kilichopambwa, akainuliwa juu mara sawa na miaka yake, ili akue. Oto alipotimiza minne alikuwa kitandani hospitalini. Hakuinuliwa. Leo anatimiza mitano, ndiye mfupi kuliko wote pale chekechea, na sababu anaijua, maana aliambiwa na Bibi siku moja kwa utani, alipokataa supu, kwamba hakui kwa sababu hakuinuliwa. Utani wa mkubwa mtoto huumeza mzimamzima.

"Leo nitaanza kukua," alisema akivalishwa suruali ya tatu.

Watoto wakaja na wazazi wao, wamefungwa skafu hadi puani. Soseji zikachomwa kwenye vijiti. Mkate mtamu wa zabibu ulianza kuwa mgumu mezani kwa baridi, ukaliwa hivyohivyo na hakuna aliyelalamika. Gatis, baba yake Oto, alikuwa ametengeneza utelezi wa barafu jana jioni kwa kumwaga maji ndoo kwa ndoo, na watoto wakaserereka hapo kwa matumbo wakipiga kelele. Agrita alimtazama mwanawe, mashavu mekundu, anacheka, hakohoi. Alifurahi, akajiruhusu kufurahi.

"Sasa kiti," Oto akasema.

Kiti cha mwaloni cha Bibi Vizma kilisimama mwisho wa utelezi, kimepambwa matawi ya msonobari. Oto akaketi kama chifu. Gatis akashika upande mmoja, jirani yao Uldis, pande la mtu, akashika wa pili.

"Moja!" watoto wakapaza sauti.

Kiti hakikutikisika.

"Huyu mnamlisha mawe?" Uldis akauliza, watu wakacheka. Wakavuta tena hadi mishipa ikawatoka. Wapi.

Gatis akapiga magoti, akafukua theluji, akagusa barafu. Kiti alikitoa jana, eti leo asihangaike. Maji ya utelezi yakachuruzika mpaka hapo, yakaikamata miguu yote minne. Haraka haraka haina baraka, na mkewe alikuwa amemwambia.

"Tumwinue kwa mikono basi," Uldis akasema. "Si yaleyale?"

"Siyo yaleyale," Oto akasema. Hakulia. Akauliza tu, polepole: "Kwa hiyo na mwaka huu sikui?"

Agrita akamkaza skafu, ingawa ilikuwa imekaza.

"Nilete shoka?" Uldis akanong'ona.

"Shoka kwenye kiti cha mama?" Gatis akasema. "Unataka nizikwe leo?"

Mlango wa jikoni ukafunguka. Bibi Vizma, yule asiyetaka kuona, akatoka na sufuria kubwa ya chai ya maua na asali, aliyowachemshia watoto ambao kwa hakika yake wangeugua kabla ya jioni.

"Mtoeni mtoto, kisha msogee."

Agrita akampakata Oto. Bibi akamimina chai ile ya moto mguu baada ya mguu, mvuke ukapanda, uwanja mzima ukanukia asali.

"Mama, chai yako yote," Agrita akasema.

"Itachemshwa nyingine. Mkalisheni mume wangu upesi, kabla na hii haijaganda."

Kiti kikang'oka kwa mlio. Moja. Mbili. Mara ya tatu kofia ya Oto ikaruka, masikio yakabaki wazi kwenye baridi. Agrita akainama kuiokota, akijiandaa kusemwa.

"Achana na kofia," Bibi Vizma akamwambia. "Utamkatisha."

Tano zilipotimia wanaume wakataka kukishusha kiti.

"Bado. Kuna nne za mwaka jana."

Uldis akaguna, akatemea viganja mate, akashika upya. Oto akapaa tena, nywele zimesimama, na kutoka kule juu akauona utosi wa bibi yake.

"Bibi, nimekupita."

"Umenipita, mume wangu," Bibi Vizma akasema, akifuta macho kwa aproni. "Inueni, msizembee."

Kofia ilibaki kwenye theluji mpaka hesabu ilipokwisha.