Ng'ombe wa Mwisho wa Mzee Micah

Mzee Micah aliingia kwetu asubuhi akimvuta ng'ombe wake, Malkia, kwa kamba. Huku kwetu Rongai, mwenye mifugo humpa rafiki ng'ombe amtunzie. Rafiki hunywa maziwa, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Ni heshima kubwa, na mume wangu Kipngetich alishukuru mpaka kofia ikamdondoka.

Mimi sikushukuru. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, na nina mdomo. Malkia ndiye ng'ombe pekee aliyembakia Micah. Wiki iliyotangulia alikuwa amegawa redio yake, tukamsifu kwa ukarimu. Mkewe tulimzika mwaka jana, binti yake Jepleting yuko Naivasha kwenye mashamba ya maua, na goti lilikuwa limemzuia kwenda kanisani tangu Pasaka. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilikasirika, na aliyenikasirisha zaidi ni mimi mwenyewe.

Nilimtuma Kipngetich akakate nyasi, nikamkalisha mgeni.

"Mzee, unafikiria kujiua?"

Watu hudhani ukiuliza hivyo unampa mtu wazo. Si kweli. Mabega ya Micah yalishuka.

"Hata pastor hajaniuliza," alisema. "Mama Kiprotich, nimechoka. Hii goti hainiachi nilale. Nikipika, napikia nani? Nilitaka tu Malkia apate mtu kwanza."

Nililia mbele yake bila aibu, kisha nikajifuta uso kwa leso.

"Ng'ombe nimepokea," nilimwambia. "Lakini mimi sijui kukamua, na Kipngetich atamuumiza. Utakuja kumkamua wewe mwenyewe, asubuhi na jioni, na chai utakunywa hapa. Saa hii tunaenda dispensari. Na leo hulali peke yako."

"Wewe mama ni mkali."

"Hiyo si ulijua kabla ulete ng'ombe?"

Dispensari nilikaa naye mpaka mwisho. Daktari alimbadilishia dawa ya goti na kumpa siku ya kuonana na mshauri kila wiki. Nilimpigia Jepleting simu, nikamwambia ukweli wote. Jioni hiyo hiyo alifika, akakaa na baba yake wiki mbili.

Huu ni mwezi wa tatu. Jana Micah alichelewa kukamua. Nilisimama langoni na ndoo, nikiwa tayari kukimbilia kwake. Mara akatokea kwenye kona na fimbo yake, akifoka kabla hata ya kunisalimia.

"Malkia amekonda! Mnamlisha nini nyinyi? Leo narudi na yeye nyumbani. Amekaa kwa watu ya kutosha."

Kumdai rafiki ng'ombe namna hiyo ni matusi, na Kipngetich alinuna siku nzima. Mimi sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo. Nilienda mbio zizini, nikaifungua kamba kwa mikono yangu.