Gramu Mia na Ishirini

Alhamisi asubuhi niliingia stoo kubonyeza chupa yangu ya plastiki, nikakuta imekuwa ngumu kama jiwe.

Kila nikifunga bia, chupa ya mwisho naijaza ya plastiki, hizi za soda. Chupa ya glasi haisemi kitu mpaka siku inapopasuka. Ya plastiki inasema kila siku. Siku ya kwanza kidole gumba kinazama. Siku ya nne kinazama kidogo. Siku ya saba inakaza kama mpira uliojazwa vizuri, hapo najua gesi imetosha. Hii ilikuwa siku ya tatu tu, na kidole hakikuzama hata kidogo. Kitako chake kilikuwa kimevimba, ukiisimamisha inayumba.

Nikajua kuna mtu ametia mkono. Maana sukari niliipima mwenyewe.

Nilimaliza darasa la saba Nyamuswa, basi. Bia nimejifunzia Musoma kwa Nathan, aliyekuwa anatengeneza bia nyeusi, ile wenye hoteli wanaiita stauti. Mtama anaukaanga mpaka unakuwa mweusi kama kahawa. Hakunifundisha. Miaka mitatu nilikuwa naosha chupa huku naangalia mikono yake. Alipohamia Mwanza aliniachia sufuria kubwa, ndoo mbili, mashine ya kufungia vizibo na mzani mdogo. Nikavibeba mpaka Bunda, kwa kaka yangu Boniphace, hapa Kabasa.

Kitu ambacho watu hawaelewi ni kwamba sukari ya mwisho, ile ya kutia wakati wa kufunga chupa, si ya utamu. Hamira iliyobaki kwenye bia inaila yote, na kwa sababu chupa imefungwa, pumzi yake inakosa pa kutokea. Ndiyo gesi. Ndilo povu. Ukizidisha sukari hupati bia tamu, unapata bomu.

Nilijaribu sukari tatu kwanza, kwenye bia kidogo ya majaribio, kila moja na uzi wake shingoni mwa chupa. Uzi mweupe, sukari ya dukani: gesi inakuja haraka, kali, lakini haina lolote zaidi. Uzi wa njano, asali: inachelewa, wiki ya tatu bado imezubaa. Uzi mwekundu, sukari guru: inakwenda taratibu, na povu lake ni zito, la rangi ya maziwa ya chai, linang'ang'ania glasi mpaka mwisho. Nikachagua sukari guru. Gramu mia na ishirini kwa ndoo ya lita ishirini. Nilizipima mara mbili.

Hata kuinunua kwenyewe nilitukanwa. Muuza duka pale sokoni aliuliza kwa sauti, watu wote wasikie, "Sukari guru tena, dada? Gongo hiyo inaiva lini?"

"Sipiki gongo."

"Wote wanasemaga hivyo." Watu wakacheka. Nikachukua bonge langu, nikaondoka.

Bia hii ilikuwa ndoo yangu ya kwanza nzima, yangu mwenyewe. Chupa arobaini. Dazeni moja ilikuwa ya Madam Gloria, mwenye hoteli Musoma. Alishaniambia akiipenda ataiweka kwenye menyu, nami nitakuwa mpishi wa bia, si muosha chupa. Zilizobaki Boniphace alizitaka kwa ajili ya wakwe zake wa Butiama, waliokuwa wanakuja Jumapili ya wiki inayofuata kumwona mjukuu. Nilikubali, kwa kuwa napikia uani kwake.

Sasa nimeishika chupa ya plastiki, nageuka kuangalia kreti. Hazipo.

Nikatoka mbio uani. Shangazi Lukresia, dada yake marehemu baba, alikuwa anachambua mboga.

"Shangazi, kreti zangu ziko wapi?"

"Bonifasi kazihamisha jana. Stoo ina joto. Kaziweka chumbani kwa Tabitha, chini ya kitanda, kule kuna ubaridi."

"Kwenye mtoto?"

"Mtoto yuko juu ya kitanda, zenyewe ziko chini. Zinamfanya nini?"

Nikaiweka ile plastiki mbele yake, juu ya mboga. "Bonyeza."

Akabonyeza. "Mbona ngumu hivi?"

"Jumatatu, nilipokwenda kuanua chupa juani, ndoo nilikuachia wewe uilinde nzi. Uliweka nini?"

Shangazi akaangalia pembeni. "Nilionja tu."

"Ukaonja, halafu?"

"Chungu, Nyangi! Chungu kama dawa ya malaria. Wakwe wa watu watoke Butiama wapewe uchungu? Hapa hata chai ya mgeni ikikosa sukari tunasemwa mwaka mzima. Nikamwambia Bonifasi, akasema ongeza."

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Shangazi."

"Ile pakiti ya nusu kilo. Yote. Nikakoroga vizuri ikayeyuka."

Nusu kilo. Juu ya gramu zangu mia na ishirini. Na mimi nikarudi nikazijaza chupa arobaini, nikazifunga moja moja kwa mkono wangu, huku yeye amekaa palepale ananiimbia pambio.

Niliingia chumbani kwa wifi yangu Tabitha bila kupiga hodi. Alikuwa ananyonyesha.

"Wifi, inuka. Mchukue mtoto, tokeni nje."

"Kuna nini?"

"Toka kwanza, utauliza nje."

Tabitha ananijua, mimi si mtu wa kupiga kelele. Alitoka na khanga moja. Nikavuta kreti polepole, kama ninavuta ng'ombe mgonjwa, moja baada ya nyingine, mpaka nyuma ya nyumba. Nikazifunika magunia niliyoyalowesha maji.

Boniphace akatokea, mswaki mdomoni. "We Nyangi! Nani kakwambia utoe vitu vya watu?"

"Vitu vya watu gani?"

"Vya wakwe zangu. Rudisha."

"Kaka, umemwambia shangazi aongeze sukari."

"Nilimwambia, ndiyo. Kwani ni dhambi? Nyumba yangu, wageni wangu."

"Hizi zitapasuka. Zimelala chini ya mwanao usiku kucha."

Akatema povu la mswaki, akacheka. "Sikiliza huyu. Pombe yenyewe unaonjaga unatema, halafu unatufundisha wanywaji? Darasa la saba wewe, umekuwa mkemia lini?"

Majirani wawili walikuwa wamesogea kwenye uzio. Mmoja akasema, "Mkemia wa Kabasa!" Wakacheka wote.

Nilikuwa nimezoea kunyamaza. Kwa Nathan nilinyamaza miaka mitatu. Sokoni nilinyamaza. Siku hiyo nilisikia kitu kinapanda kifuani, na hakikuwa kilio.

"Sogeeni nyuma," nikasema. "Na wewe uliyesema mkemia, sogea."

Nikachukua chupa ya kwanza, nikaizungushia gunia, nikafunika kizibo kwa kitambaa, nikageuza uso, nikafungua. Ililia kama tairi la lori. Bia ikaruka mpaka kwenye bati, ikamrudia Boniphace kichwani. Ndani ya chupa pakabaki kama vidole viwili vya maji meusi.

Hakuna aliyecheka.

Nikachukua ya pili.

"Nyangi, acha! Nyingine zinaweza kuwa nzima!"

"Ndoo ni moja. Sukari ni moja." Nikafungua. Ya tatu. Ya kumi. Kwenye ya kumi na saba, kabla sijaigusa, chupa ya pembeni yake ikapasuka yenyewe ndani ya kreti, chini ya gunia. Kipande cha glasi kilitoboa gunia bichi kikadondoka karibu na ndala za shangazi. Shangazi akashika mdomo. Tabitha akamgeuzia mume wake mgongo, mtoto mikononi, akaingia jikoni.

Nilifungua zote zilizobaki. Kila moja niliyofungua ilikuwa kazi yangu: kukaanga, kuchemsha, kupoza, kusubiri siku kumi na mbili. Zote zikaingia mchangani, na mchanga wa Kabasa ukanuka kahawa na hamira mpaka kuku wakalewa.

Boniphace alifuta uso kwa fulana. Nilidhani atasema pole. Alisema, "Sasa wakwe zangu watakunywa nini?"

Hapo ndipo nilipoingia ndani nikafunga mizigo.

"Unakwenda wapi?" shangazi akauliza. "Nilitaka mema, mwanangu. Sukari ni heshima."

"Najua ulitaka mema, shangazi. Ungeniuliza lakini. Nilikuwa hatua ishirini."

Ijumaa nilipanda basi la Musoma. Sufuria na mashine vilikuwa kwenye buti. Mapajani nilishika chupa tatu nilizozifunga kwenye kitenge, zile zilizobaki za majaribio, za uzi mweupe, njano na mwekundu. Ndizo peke yake nilizokuwa nazo. Mpaka tunapita Kiabakari nilikuwa bado nagombana na Boniphace kichwani, na kichwani nilikuwa namshinda vizuri.

Madam Gloria alinipokea jikoni kwake, miwani juu ya kichwa. "Dazeni yangu tulisema wiki ijayo. Umewahi?"

"Dazeni haipo, Madam. Imeharibiwa. Nimeleta tatu."

"Tatu nifanyie nini mimi?"

"Uonje."

Alifungua nyeupe. "Inachoma pua kama soda." Akafungua ya njano. "Hii imelala." Akafungua nyekundu, akamimina. Akaangalia povu. Akanywa, akaangalia tena, povu bado liko.

"Hii," akasema. "Hii hasa. Ila iongeze sukari kidogo, wateja wangu wanapenda tamu."

Nikasikia kile kitu kimepanda tena.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Sukari siongezi. Ni gramu mia na ishirini kwa lita ishirini, basi. Mteja akitaka tamu, mpe soda."

Mpishi wake aliacha kukwangua sato. Madam Gloria akashusha miwani. "Binti, mimi ndiye mnunuzi."

"Ndiyo, Madam. Na chupa zitapasukia stoo kwako, si kwangu." Nikamweleza yote, ndoo, nusu kilo, mtoto juu ya kitanda. Sauti yangu ilikuwa kali na sikuipunguza. Nilijua naweza kufukuzwa. Nilikuwa nimeshaiacha nyumba ya kaka yangu, hoteli ingekuwa nini?

Alisikiliza huku anakunywa. Alipomaliza, glasi ilikuwa na pete za povu kutoka juu mpaka chini.

"Dazeni," akasema. "Zote ziwe kama hii. Utapikia wapi?"

"Hapa kwako, ukiwa na chumba kinachofungwa."

"Stoo ya nyuma iko tupu." Akatoa ufunguo kwenye mkufu wake wa funguo, akaniwekea mezani. Niliuchukua.

"Wa pili uko wapi?"

"Wa pili wa nini? Ule ni wa akiba, nakaa nao mimi."

"Nao nipe, Madam."

Aliniangalia usoni. Sikuangalia chini. Nilikaa hivyohivyo, mkono umenyooshwa juu ya meza, mpaka akaanza kuutafuta.